Myamba: Hofu ikihesabiwa hupungua makali

UKIITAZAMA milima ya Upare Kusini kutoka tambarare za Same Mashariki, huwezi kudhani kwamba kule juu kuna mtu anayelala na wasiwasi. Chini kuna joto, vumbi na vichaka vya miiba. Juu kuna ukijani wa migomba, kahawa, maharage na mashamba ya tangawizi yaliyobandikwa kwenye miteremko kama viraka kwenye shati. Kwa mtu wa tambarare anayesubiri mvua, mkazi wa Myamba ni mtu mwenye bahati.

Hata hivyo, mteremko huohuo unaompa mkulima chakula na fedha ndio unaomtisha. Mwaka 2009 ulikuwa wa ukame mkali kaskazini mwa Tanzania. Mvua za vuli zilipofika mwezi Novemba zilikuja kwa nguvu. Katika kijiji cha Goha, eneo la Mamba Myamba, udongo wa mlima ulikatika, ukashuka na kufukia nyumba pamoja na waliokuwamo. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wakazi waliokuwa wakiomba mvua miezi michache nyuma walijikuta wakifukua vifusi kuwatafuta ndugu zao.

Baada ya mazishi, waliobaki walikabiliwa na jambo gumu ambalo magazeti na redio huwa haziliandiki. Shamba lilikuwa palepale mlimani. Majembe yalikuwa palepale. Msimu uliofuata ulikuwa unakuja, na asiyepanda hatavuna. Mtu anarudije kulima juu ya udongo ambao ameshauona ukitembea?

Makala haya yanajaribu kujibu swali hilo kwa jicho la uchumi wa kilimo. Hoja yake ni moja: hofu ambayo mkulima anaikwepa humtoza gharama kila msimu bila kumpa risiti, na hofu anayoikaribia, kuichunguza na kuipigia hesabu humwachia kitu cha kufanya. Wapo wanaotoka kwenye janga wakiwa imara zaidi kuliko walivyoingia. Mara nyingi hao ni watu waliothubutu kukaa chini na kutaja kwa jina kile kilichokuwa kikiwanyima usingizi.

Hofu tatu za mkulima wa mlimani

Ukizungumza na wakulima wa milimani kwa utulivu, utagundua kwamba hofu zao kubwa ni tatu. Ya kwanza ni hofu ya mlima wenyewe: kwamba usiku mmoja wa mvua unaweza kuondoa shamba, nyumba na watoto. Ya pili ni hofu ya soko: kwamba tangawizi iliyolelewa kwa miezi minane hadi kumi itakuta bei imeanguka, au dalali atakuja na gunia la lumbesa na kuipunja. Ya tatu haisemwi kwa sauti. Ni hofu ya kubaki peke yako: kwamba likikupata la kukupata, hutakuwa na pa kushika, na watu watakuona umeshindwa.

Hofu si jambo la aibu. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na katika kilimo cha milimani mtu asiyeogopa chochote ni hatari kwake na kwa jirani yake wa bondeni. Tatizo linaanza pale hofu inapokosa jina. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba kukwepa kinachokutisha hukupa nafuu ya muda mfupi tu, na kadiri unavyokikwepa ndivyo kinavyozidi kuwa kikubwa kichwani. Mkulima anayeogopa mlima lakini hataki kuutazama hataona ufa uliofunguka nyuma ya nyumba yake. Anayeogopa soko lakini hataki kuweka daftari atauza mapema kwa bei yoyote, ilimradi wasiwasi umwishe.

Kuusoma mlima kabla haujasema

Tuanze na hofu ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoua. Maporomoko ya ardhi yana utaratibu wake unaoeleweka. Mvua kubwa au ya siku nyingi mfululizo inapopenya ardhini, udongo unakuwa mzito. Maji yakifika kwenye mwamba au tabaka gumu yasiweze kupita, hujikusanya na kusukuma chembe za udongo zisishikane. Mteremko ukiwa mkali, mizizi ya miti ikiwa imeondolewa, au chini yake pakiwa pamechongwa kwa ajili ya kiwanja cha nyumba au barabara, uzito unashinda mshiko na kipande cha mlima kinaondoka.

Tangawizi ina mchango wake katika jambo hili, na ni vizuri tukubali ukweli. Ni zao linalovunwa kwa kufukua. Kila mavuno huacha udongo uliolegezwa, tena bila mizizi. Shamba lililosafishwa miti yote ili kupanda tangawizi kutoka juu hadi chini ya mteremko linakuwa limevuliwa nguo kabla ya mvua. Zao lenyewe halina kosa. Kosa ni kulipanda mahali popote na kwa namna yoyote.

Hapa ndipo kuikabili hofu kunapohitaji usahihi. Watu wengi huchanganya mambo mawili: mmomonyoko na maporomoko. Mmomonyoko huondoa udongo wa juu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Dawa yake inajulikana: matuta ya kontua, fanya juu na fanya chini, mistari ya majani ya malisho kama tembo au Guatemala, matandazo, na kilimo mseto chenye miti. Kontua yenyewe inaweza kupimwa kwa fremu ya miti iliyofungwa kwa umbo la herufi A, kamba na jiwe.

Maporomoko ni jambo jingine. Yanaanzia chini, pale maji yalipojikusanya. Mahali penye udongo mzito, wenye dalili za kuteleza, tuta linaloshika maji yote ya mvua linaweza kuongeza uzito na kufanya hali kuwa mbaya zaidi. Sehemu kama hizo zinahitaji kwanza mtaro wa kukinga maji upande wa juu, wenye kuyaelekeza kwenye njia salama iliyooteshwa majani, na miti yenye mizizi mirefu. Nyingine zinahitaji kuachwa kabisa zirudi kuwa msitu. Mkulima anayeogopa kwa ujumla anaweza kutumia nguvu nyingi kutibu ugonjwa asiokuwa nao. Anayejua anaogopa nini hupeleka jembe panapostahili.

Dalili za mlima unaotaka kuondoka zinaonekana kwa macho. Nyufa ndefu zinazokatiza mteremko. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Chemchemi inayotokea mahali ambapo haikuwapo, au ya siku zote inayokauka ghafla. Maji ya kijito kugeuka tope mvua ikiwa bado ndogo. Milango na madirisha kuanza kukwama kwa sababu kuta zimesogea. Mngurumo au mlio wa mawe na miti inayovunjika ni dalili ya mwisho, na wakati huo hakuna kurudi ndani kuchukua redio wala fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa mkazi wa mteremko, ufa mwingine hauzibiki, na ukuta wa kujenga ni kuhama.

Hofu ya kuhama

Kuhama ndiyo hofu iliyo chini ya hofu nyingine zote. Katika Upare, kama ilivyo katika jamii nyingi za milimani, shamba la familia lina makaburi ya wazee, lina mipaka iliyopandwa miti na babu, na ndilo linalomtambulisha mtu kuwa ni wa ukoo fulani. Kumwambia mzee aondoke hapo ni kumwambia aache jina lake. Ndiyo maana wengi huchagua kutousikia mlima.

Inasaidia kugawanya swali hilo kubwa katika maswali madogo. Je, ni lazima shamba lote liachwe, au ni nyumba tu inayopaswa kusogea? Mara nyingi mtu anaweza kuendelea kulima sehemu asiyopaswa kulala. Mvua kubwa zikija usiku, anayelala mahali salama na kwenda shambani mchana amepunguza sehemu kubwa ya hatari bila kupoteza urithi wake. Je, kuna ndugu mwenye kiwanja kwenye mgongo wa kilima usio na mkondo wa maji? Je, familia inaweza kukubaliana kwamba siku za mvua nzito watoto na wazee walale huko? Maswali ya aina hii yanajibika. Swali la "nihame au nisihame" peke yake humfunga mtu mdomo.

Tukio la Hanang linaonyesha kwamba jambo hili halikuishia mwaka 2009. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang na kuvamia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakapoteza maisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza miezi kadhaa kabla kwamba vuli ya mwaka ule ingekuwa ya El Nino. Baadaye Serikali ilijenga makazi mapya katika eneo la Waret kwa ajili ya waathirika. Nyumba mpya ni jambo la kushukuru. Lakini kila mchumi atakwambia kwamba nyumba inayojengwa kabla ya msiba ni rahisi kuliko ile inayojengwa baada yake, hata kama matofali ni yaleyale.

Penseli na bei ya tangawizi

Tuje kwenye hofu ya pili. Tangawizi imekuwa zao kubwa la fedha katika ukanda huu, kiasi cha wakulima kupata kiwanda cha kusindika kupitia ushirika wao. Pamoja na hayo, mkulima mmoja mmoja bado hukutana na dalali akiwa na shida nyumbani na tangawizi changa ardhini. Hapo ndipo hofu inapouza mali kwa niaba yake.

Tuchukue mfano, na bei zake ni za kufikirika ili hesabu ieleweke. Mama mmoja ana kishamba ambacho kikikomaa kitampa kilo 1,000. Mwezi wa saba mtoto anaugua, anahitaji Sh150,000 za matibabu. Dalali anakuja na kumwambia bei itaanguka, auze sasa. Tangawizi bado changa, inatoka kilo 700 tu, na anapewa Sh700 kwa kilo. Anapata Sh490,000. Mtoto anatibiwa, wasiwasi unaisha, na mama anamshukuru dalali.

Sasa tuchukue penseli. Kama angekopa Sh150,000 kwenye kikundi chake kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, baada ya miezi miwili angedaiwa Sh180,000, yaani riba ya Sh30,000. Tangawizi ikikomaa na bei ikiwa Sh1,000, angeuza kwa Sh1,000,000. Ukiondoa riba, anabaki na Sh970,000, ikiwa ni pamoja na zile za matibabu. Tofauti na alichopata kwa dalali ni Sh480,000. Hiyo ndiyo bei ya hofu katika msimu mmoja, kwenye kishamba kimoja.

Atauliza: na bei ikianguka kweli? Hilo ndilo swali lenyewe, na lina jibu. Ili kulingana na Sh490,000 za dalali baada ya kulipa riba ya Sh30,000, anahitaji kuuza kilo zake 1,000 kwa jumla ya Sh520,000, yaani Sh520 kwa kilo. Bei ikiwa juu ya hapo, kusubiri kunalipa. Ikitarajiwa kuwa chini ya hapo, auze mapema bila kujilaumu. Hofu iliyokuwa giza tupu sasa ina namba, na namba inaweza kuulizwa sokoni, kwenye ushirika au kwa simu kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam.

Hesabu ya kukausha nayo ni hivyohivyo. Kwa wastani, kilo tano za tangawizi mbichi hutoa takribani kilo moja iliyo kavu. Kwa hiyo bei ya kavu lazima izidi mara tano ya bei ya mbichi, ukiongeza kazi ya kuosha, kukata na kuanika, ndipo mtu apate faida. Anayejua kanuni hii hatishwi na mnunuzi wala hadanganywi na anayeahidi utajiri wa haraka. Aidha, tangawizi kavu hutunzika kwa miezi mingi, na mwenye mali inayotunzika huzungumza na dalali kwa sauti nyingine.

Kuna hofu ndogo inayohusiana na hiyo: ugonjwa wa kuoza na mnyauko. Vimelea vyake husafiri na mbegu na hukaa kwenye udongo. Kwa kuwa mbegu ya tangawizi ni vipande vya tangawizi yenyewe, wengi huuza nzuri na kupanda iliyobaki. Kutenga mbegu safi kabla ya kuuza, na kubadilisha mazao badala ya kurudia tangawizi shamba lilelile kila mwaka, kunauma mfukoni leo. Lakini ni gharama ndogo kuliko kupoteza shamba zima.

Hakuna anayebeba mlima peke yake

Hofu ya tatu, ya kubaki peke yako, ndiyo inayofanya zile mbili ziume zaidi. Hapa Wapare wana hazina ambayo hawahitaji kuifuata mbali. Ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji na kuyagawa kwa zamu mashambani, hayakujengwa wala kusafishwa na mtu mmoja. Msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu na jembe lake, ndiyo iliyochimba mifereji na barabara nyingi za milimani. Mtaro wa kukinga maji juu ya kitongoji ni kazi ya msaragambo, kwa sababu hauheshimu mipaka ya mashamba. Ukichimbwa kwa mmoja tu, unamhamishia jirani maji.

Historia ya Upare ina mfano mwingine wa watu kuikabili hofu wakiwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, iliyojulikana kama mbiru. Maelfu ya watu waliandamana hadi Same kuipinga, na wanawake wa Usangi nao wakatoka mbele ya wakuu wa serikali. Wakati ule kumpinga Mzungu wa boma hakukuwa jambo dogo. Kila mmoja akiwa nyumbani kwake alikuwa na sababu ya kuogopa. Walipokuwa barabarani pamoja, hofu iligawanyika kwa idadi yao, na hatimaye kodi hiyo ikaachwa.

Tunapaswa pia kukumbuka upande wa pili. Katika milima ya Uluguru, mwaka 1955, wakulima walifanya ghasia kupinga mpango wa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Matuta hayo yalikuwa kazi ngumu, na mahali pengi yaliibua udongo usio na rutuba. Serikali ya wakati ule iliogopa mmomonyoko kwa niaba ya wakulima, bila kuwauliza wao wanaogopa nini. Mtu halazimishwi kuwa jasiri. Ushauri wa bwana shamba au bibi shamba utashika pale mkulima aliposhiriki kutaja tatizo na kuchagua dawa.

Ieleweke pia kwamba si kila aliyepitia msiba hutoka akiwa imara. Wapo waliopoteza wote waliokuwa nao, na kuwaambia kwamba janga limewakomaza ni kuwakosea adabu. Nguvu inayozungumzwa hapa haitoki kwenye msiba. Inatoka kwenye kazi inayofanywa baadaye na waliobaki, ili msiba uleule usipate mlango wa kurudia. Wala ujasiri wa mkulima usiwe kisingizio cha wengine kukaa pembeni. Ramani za maeneo hatarishi, tahadhari za hali ya hewa zinazofika hadi kitongojini, na viwanja mbadala ni wajibu wa Serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kijiji ambacho kamati yake haijakaa kina haki ya kuuliza sababu.

Kabla ya vuli

Mvua za vuli huanza mwezi Oktoba. Kabla ya hapo, kaya yoyote ya mlimani inaweza kutumia siku moja kufanya mambo manne. Kwanza, wazunguke nyumba na shamba mchana kweupe, wapande hadi juu ya mteremko, watafute nyufa, chemchemi mpya na miti iliyoinama. Pili, wakubaliane familia nzima, watoto wakiwamo, watakimbilia wapi mvua ikizidi usiku, na njia ipi isiyopita kwenye mkondo. Tatu, waandike kwenye daftari kilo wanazotarajia, gharama walizotumia na bei ya chini kabisa ambayo wako tayari kuuza. Nne, wapeleke kwenye mkutano wa kijiji jambo moja lisilowezekana kwa kaya moja, kama vile mtaro wa juu au kupanda miti kwenye bonde lililo wazi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mkopo wa benki. Linalohitajika ni kukubali kulitazama lile ambalo mtu angependa kuligeuzia mgongo. Mlima wa Myamba utabaki pale, na mvua itanyesha siku inayotaka. Ila mkulima aliyekwisha kuupanda mteremko wake na kuona kilichoko juu atajua, mvua ikianza, kama ni usiku wa kulala au ni usiku wa kuamsha watoto na kuondoka.